Macho Yangu na Kitabu cha Maua

Mara ya kwanza usingizi uliponikamata mbele za watu, nilikuwa nimeshika samaki mkononi. Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, sokoni pale cité, mtaa wa Weusi wa Elisabethville, na mteja alikuwa mbele yangu akingoja nimfungie. Nilisikia mtu anacheka. Nilipofumbua macho mteja alikuwa amekwenda zake, samaki yuko chini mavumbini, na mama wa meza ya pili ananitazama kama anavyotazamwa mlevi.

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa una malale, ule ugonjwa wa usingizi, au uliye na mke, mume au mama aliyeambiwa hivyo. Mimi si mganga. Habari za kidudu kinachoingia kwenye damu sizijui, waulize wanaozijua. Ninachojua ni benchi la kungojea, sindano ya Alhamisi, na namna nyumba inavyogeuka mgonjwa akiwa ndani yake. Hayo nitakueleza, pamoja na kosa nililofanya, ili wewe usilifanye.

Jina langu ni Honorata. Nimezaliwa kaskazini ya Katanga, upande wa Kongolo, nikafundishwa misioni kusoma na kuandika Kiswahili. Mume wangu, Bonaventure, ambaye namwita Baba Yulita kwa jina la binti yetu, alikuwa karani wa mizigo stesheni, na tulikaa kambi ya wafanyakazi wa reli. Mimi niliuza samaki wakavu. Kila mwezi nilipanda lori kupitia Kasomeno mpaka Kasenga, kwenye mto Luapula, pamoja na wifi yangu Filomena. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, na sisi sote tunamwita Yaya, kwa kuwa kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Nadhani mbung'o waliniuma huko. Walimuuma Yaya pia. Tuliwapiga kwa vitambaa, tukicheka. Yeye hakupata kitu.

Ugonjwa ulianza kwa kuwasha. Nilijikuna mpaka nikatumia mwiko. Kisha uso ukawa unavimba asubuhi na kupoa jioni. Nyuma ya shingo zikaota tezi ndogo kama maharagwe, zinateleza chini ya kidole wala haziumi. Kisha mwezi wangu ukakatika. Ulipofika wa tatu bila kitu, nilimwambia Baba Yulita kwamba nadhani nina mimba, naye akaenda kununua kitambaa cheupe cha kumfungia mtoto. Kitambaa kile kilikaa kimekunjwa juu ya kabati mpaka ikajulikana kwamba tumboni hamna mtu. Sindano zimekwisha kunitoka akilini, nyingine hata sizikumbuki. Kitambaa nakikumbuka.

Baada ya hapo nilianza kubadilika tabia, na hili ndilo linaloficha ugonjwa huu, kwa sababu watu wanaona ubaya wa moyo wasione ugonjwa. Siku moja Yulita, ambaye alikuwa na miaka mitano, alicheka kwa kuwa nilikuwa nimegeuza blauzi, ndani iko nje. Nilichukua kifuniko cha sufuria nikampiga nacho begani. Hakulia mara moja. Kwanza alinitazama. Tangu siku ile, nikisimama naye anasimama, nikisogea anakwenda nyuma ya shangazi yake.

Yaya Filomena alisema maneno yake nikiwa nimekaa palepale, kichwa kimeinama, kana kwamba mtu aliyelala hasikii.

"Ndugu yangu, huyu bibi analala sawa mutu wa pombe. Anapiga mutoto. Umurudishe kwabo."

"Iko mugonjwa," Baba Yulita alisema.

"Mugonjwa gani anakula sahani mbili?"

Ni kweli, nilikuwa na njaa isiyoisha. Kesho yake Baba Yulita hakwenda kazini. Alinishika mkono, kwa kuwa miguu yangu ilikuwa imeanza kupishana njiani, akanipeleka kwa muuguzi wa kambi. Muuguzi alinigusa shingo mara moja tu, akaandika karatasi.

*

Benchi la hospitali yetu, ile ya Weusi, lilikuwa la mbao, refu kama wagoni la treni. Nililala juu yake siku tatu, nikiamshwa kila mara mtu wa mbele alipoitwa na sote tukasogea. Kama unampeleka mtu, kaa upande wake wa chini ili asianguke. Baba Yulita alijifunza hilo siku ya kwanza, baada ya mimi kupasua mdomo.

Walinichoma sindano ya mgongo kutazama kama ugonjwa umefika kichwani. Utaambiwa ujikunje kama mtoto tumboni na usitikisike. Daktari hakunitazama usoni, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na kwa hilo namshukuru. Ukitoka hapo lala chali bila mto siku nzima hata ukijisikia mzima. Mimi niliinuka, na kichwa kikanilipa siku tatu.

Ugonjwa ulikuwa umefika kichwani. Nililazwa wodi ya wanawake mwezi wa sita, majira ya baridi, asubuhi ambazo pumzi inaonekana mdomoni. Dawa ilikuwa sindano moja kila Alhamisi, mpaka daktari aseme basi.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Mama Chola, mwanamke wa Kasenga, mkubwa kuliko mimi kidogo. Alikuwa amepona usingizi. Alikuwa macho kabisa, mcheshi, anajua habari za kila kitanda. Na alikuwa kipofu.

"Dawa ilifukuza usingizi, ikapita na macho," aliniambia.

"Ilianza namna gani?"

"Sawa mayi yenye jua juu yake. Inacheza-cheza pembeni. Nilifikiri itaisha." Alikunja shuka. "Sikusema kwa mutu."

Ndiyo maana kila Alhamisi, kabla ya sindano, ilibidi macho yetu yapimwe. Aliyepima alikuwa mtawa wa Kiflamandi, Masera Godeliva, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa ya kulima. Ukutani palikuwa na karatasi ya herufi, lakini wanawake wengi hawakusoma, nao kwa kuogopa walijibu ndiyo kwa kila kitu. Basi Masera aliiacha ile karatasi. Alisimama mwisho wa chumba, akafungua kitabu chake cha maua, akauliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama fimbo: "Rangi gani? Ua iko na majani ngapi?" Alimaanisha petali. Hapo kila mwanamke aliweza kujibu, na kama hakuweza, ilijulikana ni macho, si shule.

Kilikuwa kitabu kidogo cha jalada la kijani kinachoingia mfukoni mwa kanzu yake, maua ya Katanga, kila moja limechorwa kwa mkono na kutiwa rangi. Sindano ya tatu ilipopita nilianza kuamka mchana. Ni kama kutoka kwenye chumba cha moshi. Kitu cha kwanza nilichokitaka kilikuwa kile kitabu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kilikuwa na rangi, na wodi nzima ilikuwa nyeupe na kijivu.

"Masera, naweza kushika?"

Alinitazama sana. "Mikono safi?"

Nilimwonyesha, akanipa nikae nacho mpaka Alhamisi.

*

Wageni waliruhusiwa Jumapili mchana. Baba Yulita alikuja amevaa tai, akaketi mwisho wa benchi lililokuwa nyuma ya jiko la hospitali, mbali nami kama tuko stesheni tunangoja treni mbalimbali. Nilimuuliza habari za Yulita. Alisema hajambo. Nilimuuliza kama mtoto anataka kuja kuniona. Alitazama viatu vyake.

Nikampa kitabu, kwa kuwa kilikuwa Kifaransa na mimi Kifaransa sikijui.

"Unisomee."

"Kusoma nini? Ni maua."

"Mbele ya picha kuna maneno. Unisomee yale."

Alifungua kurasa za mbele, na hapo tukagundua kwamba kitabu kilikuwa na namna yake ya kuuliza. Kilikupa maneno mawili uchague moja. Majani yanatazamana au yanapishana? Ukichagua, kinakutuma kwenye namba nyingine, huko unaulizwa tena, mpaka unafika kwenye picha. Baba Yulita alikuwa karani, na jambo hilo alilielewa haraka kuliko mimi.

"Ni sawa wagoni," alisema. "Unapitisha mukono wa reli huku, unapitisha kule, mwisho inafika fasi yake."

Nyuma ya jiko palikuwa na mmea mrefu uliokwisha kukauka nusu, wenye mipira ya miiba iliyozunguka shina moja juu ya nyingine, na kwenye mipira hiyo maua ya rangi ya chungwa, marefu kama vidole vya mtoto. Tuliuona kila siku bila kuutazama. Baba Yulita alikata shina moja akasoma: shina la mviringo au la pembe nne?

"La muviringo," alisema.

"Lete." Nilililaza kati ya kidole gumba na cha pili nikalizungusha. Halikuzunguka. Lilikwama, likaanguka upande, likakwama tena. "Iko na pembe."

Alilichukua akalizungusha mwenyewe. Akacheka, kwa mshangao tu. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu mvua za kabla.

Tulikwama kwenye neno moja la vile vinyuzi vya katikati vyenye unga. Hakulijua. Niliona limemuuma, mtu anayejivunia Kifaransa chake, na kwamba anakiri mbele yangu. Alikwenda kumuuliza Masera, akarudi akiwa ameliandika kiganjani kwa penseli. Tulipofika kwenye picha ilikuwa ile hasa, mipira, miiba na yote. Kengele ya kutoa wageni ililia. Aliinuka, akaninyoshea tai yake nimkazie fundo, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kwenda kazini.

Baada ya hapo alikuja kila Jumapili na kitu, amekizungushia karatasi iliyoloweshwa maji. Mara moja aliniletea ua dogo la buluu lililotoka kwenye ardhi yenye mawe ya kijani kandokando ya reli. Kitabu kilisema ua hilo linapenda ardhi yenye shaba, na kwamba watafutaji wa madini wakiliona wanachimba. Kisha kikasema ua hilo ni ndugu wa lile la chungwa la nyuma ya jiko. Tulikataa. Moja refu kama mtu, jingine halifiki goti. Tukageuza shina lake vidoleni: pembe nne. Baba Yulita alitikisa kichwa.

"Kitabu kinajua hata ukoo."

Kilichotuchekesha zaidi ni majina. Jani ambalo mama yangu alinichemshia nikiwa na kikohozi lilikuwa humo, na lilikuwa limepewa jina la bwana mmoja Mzungu. Baba Yulita aliomba ruhusa kwa Masera kuandika pembeni, kwa penseli, majina tuliyoyajua sisi. Masera alifikiri kidogo, akasema, "Andika vizuri, basi."

Siku za katikati ya wiki nilikaa na kitabu peke yangu. Nilijifunza picha zote. Nilijua baada ya lile la njano linalolala chini katikati ya majani manne, linafuata jekundu lenye petali sita zilizopinda kurudi nyuma. Mama Chola aliniomba nimsimulie moja baada ya jingine, naye akanisahihisha. "Ile haifunguke mchana. Saa ine inakuwa imefunga. Kitabu yako haikusema?" Hakikusema.

*

Baada ya sindano ya saba, nikiwa nimekaa kitandani, ukuta ulianza kucheza. Pembeni tu. Kama maji yenye jua juu yake.

Nilifumba macho, nikafumbua. Ulicheza bado. Nilimtazama Mama Chola, ambaye alikuwa anasuka nywele za mgonjwa mwingine kwa vidole, na nikanyamaza.

Nataka unielewe. Nilikuwa nimerudi. Niliweza kuhesabu, kuomba, kukumbuka nilichokula jana. Niliweza kumwaza Yulita na kujua kwamba ni wangu. Walisema mwenye kuona vibaya wanamkatia dawa, na dawa ikikatwa mapema usingizi unarudi, na safari ile hauondoki. Kati ya macho na akili nilichagua akili, peke yangu, bila kumuuliza mtu. Pia nilimwaza Yaya Filomena na maneno yake.

Alhamisi Masera alisimama mwisho wa chumba, akafungua kitabu.

"Rangi gani?"

Niliona waa jekundu lenye umbo la kupinda. "Nyekundu, na njano chini."

"Ngapi?"

"Sita."

Nilikuwa sioni hata moja peke yake. Nilijua tu ni ukurasa gani. Alisema vizuri, na nikachomwa sindano. Wiki iliyofuata nilifanya hivyohivyo, na iliyofuata.

Mwezi wa nane moto ulipita porini kuzunguka mji, kama kila kiangazi, majivu yakaanguka hata juu ya shuka zilizoanikwa. Baada ya moto, kabla hata tone la mvua halijashuka, maua madogo yanatoka kwenye ardhi nyeusi, bila majani, yanakaa chini kabisa. Jumapili moja Baba Yulita alikuja na kopo la maziwa lenye maua hayo, mekundu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha kitu. Alitoa moja akaniwekea kiganjani.

"Haya, mwalimu. Sema."

Nililijua. Ukurasa wa kumi na tisa. "Ya kisha moto. Petali tano. Nyuzi zimeshikana katikati sawa mwiko."

Alikishika kiganja changu. Nikangoja.

"Hesabu tena," alisema taratibu.

"Tano."

"Mama Yulita." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hii iko na sita. Nilitafuta kwa kopo muzima, ni hii moja tu iko na sita. Njo maana nilikuletea. Nilifikiri utacheka."

Nilishusha uso. Kiganjani niliona wekundu tu, unatetemeka.

"Tangu lini?"

"Tangu sindano ya saba."

"Na Masera anapima?"

"Majibu nilikuwa nayajua."

Alivua kofia akaiweka gotini. Alipoinuka nilijua anakokwenda, nikamshika mkono wa koti.

"Ukimuambia, banakata dawa. Nitarudia kulala. Utaoa bibi mwingine."

"Nani alikuambia naoa?"

"Kila mutu anasema."

"Mimi sikusema." Aliutoa mkono wangu kwenye koti, kidole kimoja kimoja, bila nguvu. "Ukilala nitakuja kukuamsha. Lakini sitakaa hapa Jumapili nikikuona unazima taa yako moja moja, halafu ninyamaze."

Akaenda.

Nilimchukia. Jumapili mbili sikumsemesha. Alikuja vilevile, akaketi benchi lilelile, akafungua kitabu na kusoma maswali kwa sauti, akijibu mwenyewe, vibaya, akifikia picha zisizo zake. Jumapili ya pili alisema ua la kibuyu ni yungiyungi, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe kumsahihisha.

Masera Godeliva hakunigombeza. Alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo watawa hawakulifanya, akaweka mikono yake mikubwa mapajani. "Kosa yangu pia," alisema. "Mimi nilikupa kitabu." Tangu siku ile alipima wanawake kwa maua aliyoyachuma mwenyewe asubuhi ileile, na hakuna aliyejua atakuja na nini.

*

Daktari alikata sindano. Tukangoja.

Mwezi wa tisa na wa kumi ni joto lisilo na mvua, na hakuna kungoja kubaya kama huko. Kila nilipopiga mwayo, wodi nzima ilinitazama. Kutetemeka kulipungua, siku moja ukuta ukasimama. Katikati ya macho niliona vizuri kabisa, hata vinyoya kwenye jani. Lakini pembeni hapakurudi. Mpaka leo naona kama mtu anayetazama kupitia bomba. Kilicho mbele nakiona, kilicho kando hakipo mpaka nigeuze kichwa.

Walinipa dawa nyingine, ya pole lakini ndefu, iliyonitia homa na kunivunja viungo. Mvua za kwanza ziliponyesha walinichoma mgongo tena. Siku ya majibu, kwenye lile benchi refu, nilikuta mtu ananingoja: Yaya Filomena, amefunga kitambaa cha Misa.

"Ndugu yangu iko kazini," alisema. "Akasema nikuje."

Tulikaa tukisogea kila jina lilipoitwa. Halafu akasema, akitazama mbele, "Nilipeleka shingo yangu kwa muuguzi. Mara tatu. Kila asubuhi naigusa."

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba yeye pia aliogopa. Tuliumwa na mbung'o wale wale, ndani ya lori moja.

"Niguse?" nilimuuliza.

Alisogeza kitambaa. Nilimpapasa nyuma ya shingo, taratibu, pande zote mbili. Palikuwa laini.

"Hamuna kintu, Yaya."

Alianza kulia, na muuguzi aliyetoka kuniita alidhani tumeletewa majibu mabaya. Yalikuwa mazuri. Maji ya mgongo yalikuwa safi.

*

Nilitoka hospitali mwezi wa kumi na mbili. Mama Chola aliondoka kabla yangu, mwanawe alimfuata kwa lori. Masera aliniomba kitabu chake. Moyo wangu ulikuwa umetumaini atanipa, lakini alisema wapo wengine wanaokuja, na ni haki. Baba Yulita alikuwa tayari amenakili kurasa za maswali kwenye daftari la shule, na picha kumi na moja alizozichora vibaya mno.

Tulitoka nje ya kambi siku ambazo mvua ilipumzika. Natembea nikigeuza kichwa kama kuku, hilo lilinitia haya mwanzoni. Yeye anasema, "Kushoto. Chini kidogo. Hapo," na ninalipata. Karibu nilikanyage lile la njano linalolala chini katikati ya majani yake manne. Picha ya kitabu ilikuwa imelipa rangi ya limau. Si kweli, ni kama kiini cha yai. Tulisahihisha daftarini.

Ukiwa mgonjwa, tafuta kitu cha kutazama ambacho wewe na mtu wako mtakitazama pamoja. Si lazima kiwe ua. Na ukuta ukianza kucheza, sema siku hiyohiyo. Usiseme kesho. Kama huna nguvu ya kusema, mwambie mtu mmoja atakayesema kwa niaba yako, halafu umkasirikie baadaye ukitaka.

Yulita ndiye aliyechelewa kurudi kwangu. Alikuwa amezoea kumwita Yaya Filomena mama, kwa kuwa ndiye aliyekaa naye miezi ile. Sikumlazimisha. Nilimwomba msamaha kwa kile kifuniko, akasema amesahau, na wote wawili tulijua si kweli. Mara nyingi alinikaribia kwa upande, nami kwa kutomwona nikashtuka na kuruka, naye akadhani ninataka kupiga, akakimbia. Ilidumu majira yote ya mvua. Nililia jikoni kwa ajili hiyo.

Sikujua kwamba Yaya Filomena alikaa naye akamweleza. Nilijua tu siku moja, nikiwa nimeinama nafagia uwanja, niliposikia miguu midogo inakuja kutoka kulia. Ilisimama. Kisha ikazunguka, mbali kidogo, mpaka mbele yangu hasa, mahali ninapoona.

"Mama, ni miye," alisema. "Unaniona?"

"Nakuona."

Alifungua mdomo wake wazi akaniinulia uso. Jino la mbele lilikuwa limeng'oka. Alikuwa hajamwonyesha mtu mwingine bado.